Nafasi ya Kiswahili katika Kupambana na Biashara Haramu ya Mimea Adimu: Mfano wa Msandali nchini Kenya

Ikisiri

Biashara haramu ya mimea adimu haijavuta hisia za umma kama ilivyofanya biashara ya pembe za ndovu na za vifaru, ingawa madhara yake si haba. Makala haya yanauchunguza msandali, mti mdogo wa maeneo makavu ya Kenya ambao umeng'olewa kwa wingi kwa ajili ya mafuta yake yanayonukia. Makala yanadai kwamba, mbali na umaskini na tamaa, lipo tatizo jingine lisilotajwa sana. Kiswahili, lugha inayowaunganisha karibu wahusika wote wa biashara hii, hakijaandaliwa maneno ya kuutaja mti huu bila utata wala kulitaja kosa lenyewe. Mwishoni tunapendekeza istilahi chache na kuonyesha kazi inayowasubiri wanafunzi wa Kiswahili.

Utangulizi

Mtu akitaja ujangili, wasikilizaji wengi huwaza bunduki, ndovu aliyeanguka na pembe zilizofichwa ndani ya gunia. Ni nadra sana kwa msikilizaji kuwaza sururu, shimo na mti uliong'olewa pamoja na mizizi yake. Hata hivyo, Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Spishi za Wanyama na Mimea Walio Hatarini Kutoweka, maarufu kama CITES, unasimamia zaidi ya spishi 40,000, na sehemu kubwa mno ya spishi hizo ni mimea. Mkataba huo ulitiwa saini jijini Washington mwezi wa Machi mwaka 1973, ukaanza kutekelezwa mwaka 1975. Kenya ilijiunga nao mwaka 1978.

Mimea hutafutwa kwa sababu mbalimbali. Baadhi huibwa kwa urembo wake. Nchini Afrika Kusini, mimea ya jenasi ya Encephalartos, ambayo ni ya kundi la kale kuliko mimea itoayo maua, imekuwa ikichimbuliwa usiku na kuuzwa kwa wakusanyaji matajiri. Mwaka 2014 wezi waliingia katika bustani maarufu ya Kirstenbosch, Cape Town, wakatoweka na zaidi ya mimea 20 ya aina hiyo. Mimea mingine hutafutwa kwa sababu ya tiba. Gome la mti ambao Wagikuyu huuita muiri na Wakalenjin tendwet, yaani Prunus africana, limekuwa likisafirishwa Ulaya kwa miongo kadhaa ili kutengenezewa dawa ya uvimbe wa tezi ya kibofu kwa wanaume. Mti huo uliwekwa chini ya usimamizi wa CITES mwaka 1995. Mimea mingine, ukiwemo msandali, hutafutwa kwa harufu yake.

Msomaji anaweza kuuliza: suala hili linawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Si kazi ya wanabotania, maafisa wa misitu na polisi? Jibu letu ni kwamba hakuna mmea unaolindwa kabla ya kutajwa. Sheria hutaja, hati ya mashtaka hutaja, tangazo la chifu barazani hutaja, na mwalimu darasani hutaja. Pale ambapo jina halipo, au lipo lakini lina utata, ulinzi hulegea. Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Makala haya yanaongeza kwamba asiyepewa neno hawezi kulaumiwa kikamilifu kwa kutojua maana.

Msandali ni mti gani?

Msandali tunaouzungumzia hujulikana katika botania kama Osyris lanceolata. Ni kichaka au mti mdogo unaostawi penye miamba, kwenye miteremko na kando ya misitu mikavu. Nchini Kenya hupatikana Samburu, Laikipia, Baringo, Pokot Magharibi, Kajiado na kwingineko. Hupatikana pia katika nchi nyingi za Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini.

Sifa tatu za mti huu ni muhimu kwa hoja yetu. Kwanza, msandali ni kimelea nusu. Una majani mabichi na hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama miti mingine, lakini mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mimea jirani na kufyonza maji na madini. Kwa sababu hiyo, mche wake haukui vizuri ukipandwa peke yake. Anayetaka kuuotesha sharti apande pia mti wa kuufadhili.

Pili, msandali una miti dume na miti jike. Jambo hili si geni kwa Mswahili yeyote aliyewahi kupanda mipapai. Mpapai dume hutoa maua lakini hauzai, na mwenye shamba huungojea mpapai jike. Msandali nao una desturi iyo hiyo: ni mti jike pekee unaotoa matunda na mbegu, na ndege ndio huzisambaza mbegu hizo.

Tatu, mafuta yanayotafutwa hayamo katika majani wala matunda. Yamo ndani ya kiini cha shina na, zaidi ya yote, katika mizizi. Mchumaji wa matunda huuacha mti ukiwa hai. Mbanduzi wa gome la muiri anaweza kuuacha hai pia, ikiwa atabandua upande mmoja na kuuacha mwingine upone. Lakini anayeyataka mafuta ya msandali huung'oa mti wote. Hakuna njia ya kuchukua mzizi mkuu na kuuacha mti ukiendelea kuishi.

Tukiziunganisha sifa hizi, tunaiona hatari kwa uwazi. Wavunaji wamekuwa wakiipendelea miti jike kwa kuwa huaminiwa kuwa na mafuta mengi zaidi. Mti jike ukiondolewa, mbegu huondoka nao. Mlima unaweza kuonekana bado una misandali, kumbe iliyobaki ni midume mitupu ambayo haitaacha kizazi. Kilichopotea hapo ni miti ya leo pamoja na ile ambayo ingeota kesho.

Biashara inavyoendeshwa

Harufu ya sandali si jambo jipya katika utamaduni wa bara Asia na wa pwani yetu. Kwa karne nyingi, sandali bora ilitoka katika mti mwingine, Santalum album, unaofahamika sana kusini mwa India. Mti huo nao umevunwa mno hata ukaorodheshwa miongoni mwa spishi zilizo hatarini, na serikali za India zimeuwekea masharti makali. Bidhaa ikiadimika upande mmoja, mnunuzi huelekeza macho upande mwingine. Ndivyo msandali wa Afrika Mashariki ulivyojikuta ukibebeshwa mzigo wa soko ambalo haukulianzisha.

Mnyororo wa biashara hii una pete nyingi. Pete ya kwanza ni mchimbaji, ambaye mara nyingi ni kijana wa eneo lenye ukame, mifugo yao ikiwa imepungua na ajira ikiwa haipo. Yeye hulipwa kwa kilo, tena malipo duni. Pete ya pili ni dalali anayekusanya magogo kutoka vijijini. Ya tatu ni mwenye lori anayeyasafirisha usiku, mara nyingine yakiwa yamefunikwa kwa makaa au bidhaa nyingine. Kisha huja mwenye kiwanda cha kukeneka mafuta, na hatimaye mnunuzi wa ng'ambo atengenezaye manukato, vipodozi na dawa. Magogo kutoka Kenya yamekuwa yakivushwa mipaka kuelekea Uganda na Tanzania, na mara kadhaa shehena zimenaswa katika bandari ya Mombasa zikielekea Asia.

Inafaa tuangalie ni nani anayekamatwa. Anayeonekana kwa urahisi ni mchimbaji mwenye sururu na dereva mwenye lori. Mwenye fedha huwa mbali. Mkono mtupu haulambwi, na kijana asiye na chochote huona kilo chache za mzizi kuwa ni unga wa juma zima. Haya hayasemwi ili kumtetea mvunja sheria, bali kuonyesha kwamba elimu isiyomfikia mtu huyu kwa lugha anayoielewa haijafika popote.

Juhudi za kisheria

Serikali ya Kenya haikukaa kimya. Mwaka 2007, Rais Mwai Kibaki alipiga marufuku uvunaji wa msandali. Marufuku hiyo ilikuwa hatua muhimu, lakini ilikuwa ya nchi moja, ilhali magogo yalivuka mipaka. Kwa sababu hiyo, Kenya ilipeleka hoja katika mkutano wa 16 wa nchi wanachama wa CITES, uliofanyika Bangkok mwezi wa Machi mwaka 2013. Hoja ilikubaliwa, na misandali ya Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda ikaingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba.

Hapa ni vyema kueleza jambo linalowachanganya wengi. Kiambatisho cha Kwanza huhusu spishi ambazo biashara yake ya kimataifa imekatazwa karibu kabisa. Kiambatisho cha Pili hakikatazi biashara. Kinadai kwamba mzigo usivuke mpaka bila kibali kinachothibitisha kuwa mmea ulipatikana kihalali na kwamba uvunaji wake hauhatarishi uhai wa spishi. Kwa hivyo anayesema kuwa CITES imepiga marufuku msandali hajasema kweli, na anayesema kuwa CITES inauruhusu hajasema kweli pia.

Ndani ya nchi, Sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutumika Januari 2014, ambayo kwa kawaida huitwa kwa Kiswahili Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori, imetumiwa kuwashtaki watu waliopatikana na msandali. Juu ya sheria hiyo ipo Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 11 kinalitaka Bunge kutunga sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na mimea ya kiasili. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali kulinda maarifa ya kiasili kuhusu bayoanuwai na kujitahidi kuhakikisha kuwa angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi ina miti.

Pengo la lugha

Msomaji makini atakuwa ameona jambo la ajabu katika aya iliyotangulia. Mtu anakamatwa akiwa na mti, kisha anashtakiwa kwa sheria ya wanyamapori! Kosa haliko katika sheria yenyewe. Sheria hiyo, kama ilivyoandikwa kwa Kiingereza, inafasili istilahi yake kuu kuwa ni mnyama, mmea au kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho, ambaye ni wa asili na wa porini. Ni tafsiri ya Kiswahili iliyolibana neno pana likawa neno jembamba. Wanyamapori ni wanyama. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayelisikia neno hilo akafikiria mti. Hivyo basi, raia anayesikia redioni kwamba serikali inalinda wanyamapori hajaambiwa lolote kuhusu msandali ulio nyuma ya boma lake.

Hali ni iyo hiyo kwa neno ujangili. Katika matumizi ya kawaida, jangili ni mwindaji haramu wa wanyama. Anayeng'oa mti adimu usiku hana jina lake. Huitwa mwizi wa miti, mkata kuni, au mfanyabiashara wa magendo. Kila mojawapo ya majina haya hupunguza uzito wa tendo. Mkata kuni, kwa mfano, huamsha huruma badala ya kuonyesha kosa.

Pengo la tatu limo katika jina la mti wenyewe. Neno sandali lilitufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kisanskriti. Lilikuja pamoja na bidhaa, kabla ya yeyote kulihusisha na kichaka cha Samburu. Waswahili wa pwani, kwa upande wao, walikuwa na neno liwa, yaani mti wa kunukia unaosagwa juu ya jiwe kwa maji kisha ukapakwa usoni na mwilini, hasa na mabibi harusi. Leo neno msandali hutumiwa kwa mti wa India na kwa mti wa Kenya bila tofauti. Utata huu si mchezo wa wanaisimu tu. Mwenye shehena anaweza kudai kuwa mzigo wake ni sandali ya India iliyonunuliwa kihalali, na anayemsikiliza asiwe na neno la kumuulizia.

Wakati huo huo, jamii zinazoishi na mti huu zina majina yake. Wazungumzaji wa Kimaa huuita olosesiai, na wameutumia kwa muda mrefu katika vinywaji na tiba. Majina kama haya yamebeba maarifa: mti uko wapi, hutumiwaje, hukatwa kiasi gani. Lakini maarifa hayo hayajavuka kuingia katika Kiswahili sanifu. Matokeo yake ni kwamba jina la Kilatini liko kwenye hati ya mashtaka, jina la Kimaa liko kijijini, na Kiswahili, ambacho kingekuwa daraja, kimesimama katikati mikono mitupu.

Suala hili lina uzito mahakamani pia. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, lugha za mahakama za chini nchini Kenya ni Kiingereza au Kiswahili. Aidha, Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina cha kutosha na kwa lugha anayoielewa, na haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Hebu tutafakari kazi ya mkalimani huyo. Anasomewa shtaka la kupatikana na nyara za spishi iliyo hatarini, aina ya Osyris lanceolata. Akisema nyara za wanyamapori, mshtakiwa atakana kwa moyo mweupe, maana hajagusa mnyama. Akisema sandali, huenda mshtakiwa akafikiria uvumba wa dukani. Akisema kuni, shtaka limekufa. Mkalimani hana kamusi ya kumwokoa. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na TUKI mwaka 2004 ilikuwa hatua kubwa, lakini iliandaliwa kwa ajili ya sayansi ya shuleni, si kwa mashtaka ya mimea adimu.

Hoja ya mwisho katika sehemu hii ni ya mipaka. Lugha za kazi za CITES ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Lakini kati ya nchi sita zilizotajwa kuhusu msandali, tano ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili kinasikika katika zote tano. Dalali wa Kenya na mnunuzi wa nchi jirani hawapatani bei kwa Kilatini. Biashara ya magendo imekwisha kutambua kuwa Kiswahili ni lugha inayovuka mipaka. Sheria na uhifadhi vimechelewa kulitambua hilo.

Mapendekezo ya istilahi

Kwa kuzingatia mapengo hayo, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe. Tumejitahidi kutumia maneno ambayo tayari yako vinywani mwa watu, kwani istilahi ngeni kupita kiasi huishia kwenye kurasa za kamusi.

1. Viumbepori: viumbe wote wa asili waishio porini, wakiwemo wanyama, mimea na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Neno hili lichukue nafasi ya wanyamapori popote sheria inapokusudia maana pana.

2. Ujangili wa mimea: uvunaji, uchimbaji au usafirishaji wa mimea inayolindwa pasipo kibali. Atendaye ni jangili wa mimea.

3. Msandali wa Afrika: Osyris lanceolata. Utofautishwe na msandali wa India, Santalum album. Neno liwa libaki kuwa jina la mti wa kunukia unaosagwa kwa urembo, wala lisitumiwe kama jina la spishi.

4. Msandali jike na msandali dume: kwa mfano wa mpapai jike na mpapai dume. Faida ya istilahi hizi ni kwamba mkulima hahitaji kufafanuliwa kwa nini kung'oa jike ni kuua kizazi.

5. Kimelea nusu: mmea unaojitengenezea chakula lakini unafyonza maji na madini kutoka mizizi ya mingine. Mti unaofyonzwa uitwe mti mwenyeji.

6. Kiini cha mti: sehemu ngumu ya ndani ya shina au mzizi, ambayo katika msandali ndiyo yenye mafuta. Kuyatoa mafuta hayo kwa mvuke ni kukeneka, neno la zamani linalostahili kufufuliwa.

7. Mavuno endelevu: uvunaji usiozidi uwezo wa mmea kujirudishia. Kwa msandali wa porini uliong'olewa mizizi, istilahi hii haiwezi kutumika, na ni vyema wanafunzi waelewe kwa nini.

Kutoka neno hadi tendo

Wapo watakaopinga wakisema kwamba istilahi haizuii sururu. Ni kweli. Hakuna kamusi iliyowahi kusimamisha lori njiani. Lakini afisa anayelisimamisha lori hufanya hivyo kwa sababu anajua anachokitafuta, na kujua huko huanzia kwenye jina na maelezo. Istilahi ni sehemu ya kazi, si kazi yote.

Sehemu nyingine ya kazi inaendelea. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, yenye makao makuu Muguga, imefanya utafiti kuhusu uoteshaji wa msandali, ambao ni mgumu kwa sababu mbegu zake huota kwa shida na miche yake huhitaji miti mwenyeji. Matumaini ni kwamba siku moja mkulima wa eneo kavu ataupanda msandali kama zao, avune kwa kibali na kuuza hadharani. Matokeo ya utafiti kama huo huandikwa kwa Kiingereza. Kuyafasiri kwa Kiswahili chepesi, kwa vijitabu na vipindi vya redio, ni kazi ambayo mwanafunzi wa tafsiri anaweza kuifanya kama mradi wake wa mwaka wa mwisho.

Tunao pia mfano wa nyumbani unaoonyesha nguvu ya lugha katika uhifadhi. Misitu ya kaya za Wamijikenda katika pwani ya Kenya, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilihifadhiwa kwa vizazi vingi bila askari wenye bunduki. Ililindwa na wazee, na iliyowaongoza wazee hao ni miiko: kisichokatwa, pasipokanyagwa, kisichotolewa nje. Miiko hiyo ilikuwa na maneno, na maneno hayo yalieleweka na mtoto na mzee. Kaya zimepata madhara yake katika enzi hizi, lakini funzo lake linabaki: sheria inayosemwa kwa lugha ya watu hugeuka kuwa desturi.

Kwa wanafunzi watakaokwenda nyanjani kukusanya majina ya mimea, tahadhari moja ni ya lazima. Jina likusanywe, matumizi yakusanywe, hadithi na vitendawili vikusanywe, lakini mahali hasa ulipobaki mmea adimu pasichapishwe. Wanabotania wa Afrika Kusini wamejifunza kuficha maeneo ya mimea ya Encephalartos kwa kuwa maandishi ya kitaaluma yanaweza kuwa ramani ya mwizi. Mtafiti wa Kiswahili naye awe na haya hiyo. Vilevile, mzee aliyetoa maarifa atambuliwe na aombwe ridhaa, kwani maarifa ya kiasili yana wenyewe.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msandali wa Afrika unakabiliwa na hatari inayotokana na maumbile yake na thamani yake sokoni. Mafuta yake yamo mizizini, hivyo kuyachukua ni kuuua. Miti jike ndiyo inayotafutwa zaidi, hivyo kuiua ni kukata kizazi. Sheria zipo, za taifa na za kimataifa, lakini zinamfikia mwananchi zikiwa zimepunjwa maana kwa sababu ya tafsiri finyu na ukosefu wa istilahi.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Gogo moja moja, lori moja moja, milima inabaki na misandali dume isiyozaa. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu vimezoea kujadili ushairi, isimu na fasihi simulizi, na ni vyema viendelee. Tunachoomba ni kwamba mijadala hiyo ichukue pia orodha fupi kama hii ya istilahi, iipembue, iikosoe, iirekebishe, kisha iifikishe kwa wakalimani wa mahakama, watangazaji na walimu wa shule za maeneo ya misandali. Kama neno viumbepori halifai, lipatikane bora zaidi. Kisichofaa ni kuendelea kumwambia mchungaji wa Samburu kuwa tunalinda wanyamapori, kisha kumfunga kwa ajili ya mti.